Mvule Haukuwa na Hasira

Walinipa kuku mweupe nimshike miguu, mimi mjane, nguo yangu nyeusi ya matanga bado inanuka duka.

"Mshike vizuri, shemeji," Fundi Bosompem aliniambia, chupa ya pombe ya jini mkononi. "Mti umekasirika. Tukiutuliza, vijana watarudi kazini."

Umekasirika! Miaka imepita na neno hilo bado linanichoma rohoni.

Mvule wenyewe ulikuwa umelala katikati ya mikakao yetu, nusu mbao, nusu gogo. Mume wangu, Nti, alifia juu yake. Na kwetu Sefwi mtu akifia kwenye mti, hakuna anayeuliza msumeno ulishikwaje. Wanauliza kama mti ulipewa kinywaji kabla ya kuangushwa. Huu ulipewa, tena mbele ya macho yangu, jini na yai. Basi wakasema havikutosha.

Bosompem hakufundishwa na mtu. Alinunua msumeno wa mnyororo kwa pesa za kakao, akajifunza kwa kukata tu, na kwa kuwa hakufa, akaitwa fundi. Kila kijana aliyepita mikononi mwake alianza kwa kung'oa kile kikinga cha mbele ya msumeno chenye breki, eti kinamziba mtu asione mstari anapopasua mbao. "Hicho ni cha waoga," alikuwa akisema, nao wanacheka. Nilipomuuliza Nti kinafanya kazi gani, alinivuta sikio kwa utani.

"Mapambo. Kama hereni zako."

Asubuhi ile aliyokufa niliwapelekea ndizi za kuchemsha na mchuzi wa majani ya magimbi. Nti alikuwa amesimama juu ya gogo, miguu mitupu, akifuata mstari uliochorwa kwa masizi. Ncha ya msumeno ikagonga fundo. Mashine ikaruka, ikamrudia shingoni, na mnyororo haukusimama. Sufuria nilikuwa bado nimeishika.

Matangani binamu yake, anayekata magogo kwenye kampuni moja ya mjini Takoradi, aliukagua ule msumeno, akaniita pembeni. "Breki ingekuwepo, dada, ingepiga mkono wake na mnyororo ungesimama hapo hapo." Alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno.

Basi pale kwenye gogo nikamwachilia kuku. Akakimbilia kwenye mikakao, na hakuna aliyemfukuza.

"Mti haujakasirika, Fundi. Mwenye hasira ni mimi. Umewang'olesha breki wote hawa, halafu unakuja kuomba radhi kwa gogo?"

"Shemeji, uchungu ndio unaokusemesha."

"Acha unisemeshe. Kesho nani anapanda hapo juu?"

Aliyekuwa apande ni Krah, rafiki wa mume wangu, mwenye mke mjamzito nyumbani, na kila mtu alijua. Krah mwenyewe aliuokota msumeno, akapapasa mahali palipobaki matundu matupu, kisha akamgeukia mwalimu wake kwa adabu kabisa.

"Fundi, nikitaka kuirudisha hiyo breki, inafungwaje?"

Bosompem aliupokea msumeno. Akaugeuza huku na huku, akainama, akachungulia ndani ya yale matundu. Tulimsubiri. Kisha akauweka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

Hakujua. Maisha yake yote hakuwahi kuifunga hata moja.