Breki za Sosthenes

Jumapili asubuhi, watu wakiwa misa ya kwanza, Sosthenes Kalinga alikuwa uani kwake Ipogolo akipaka oili spana zake. Hakuwa na gari la kuzitumia. Alizipaka zisishike kutu.

Lori lake lilikuwa Fuso, na kwa miaka mingi hakuna fundi mwingine aliyeligusa. Mdogo wake Vitus ndiye aliyeliendesha, akiteremsha mbao za Mafinga hadi Morogoro. Likirudi, Sosthenes alitandika gunia na kuingia chini yake. Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya breki. Alipenda kufunga bolti ya mwisho, kulizungusha gurudumu kwa mkono, kisha kuliona likisimama pale pale. Siku za namna hiyo hata ugali ulikuwa mtamu zaidi.

Mwaka jana alilazwa, akapasuliwa tumbo. Vitus alikuja wodini na bandeji mkononi.

"Breki zimekatika mteremko wa Kitonga, kaka. Mimi niliruka. Lori limeishia korongoni."

Sosthenes, bado ana nyuzi tumboni, alimwomba radhi. Alipotoka alimpa shamba lake la mboga kando ya Ruaha, liwe pole ya mkono ulioumia. Habari ilienea, na majirani waliokuwa wakimletea magari yao wakaanza kuyapeleka kwa mafundi wa mjini.

Jumapili hiyo lori lile lile lilikunja kutoka barabara kuu, likapita dukani kwa Yusta, likaingia uani kinyumenyume kama zamani. Ndani hapakuwa na mtu. Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu, na mlangoni pameandikwa "Nasri, Uyole". Halikuwa na mbonyeo hata mmoja. Likajizima.

Sosthenes alilizunguka, akagusa matairi, kisha akaenda kuchukua jeki.

Lainingi za breki za nyuma zilikuwa zimeisha. Alikuwa na nyingine stoo, akazifunga. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki, kazi inayotaka watu wawili. Alilala chini akasema, "Kanyaga." Pedali ikashuka. "Shikilia hapo." Ikashikilia. "Achia." Zamani aliyekanyaga alikuwa Vitus, naye alikuwa na tabia ya kuachia mapema. Lori halikuachia mapema.

Mkewe Matilda alileta beseni la maji na sabuni ya unga. Hakuuliza lori limetoka wapi.

"Mama Edmund, ulijua?"

"Vitus alisema ukiambiwa, kidonda kitafumuka."

"Kidonda kimepona tangu Pasaka."

Matilda aliweka beseni chini. "Ndiyo. Halafu ikawa tumeshachelewa kusema."

Mchana Vitus alifika, bado amevaa shati la kwaya. Nasri alikuwa amempigia simu kumwambia lori limeondoka lenyewe.

"Kamwene, kaka," alisalimia, akakaa juu ya tairi la akiba. "Nilitaka kujenga. Kadi ya lori ina jina langu, wewe mwenyewe ulinituma nikaandikishe. Ningekuomba niliuze, ungekubali?"

"Hapana."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa kwa nini breki? Ungesema limeibiwa."

"Likiibiwa ungelitafuta."

"Breki nilizifunga mimi mwenyewe, Vitus."

"Ndiyo," Vitus alisema. "Ndiyo maana hukuuliza kitu."

Sosthenes alitazama mikono yake. Mwaka mzima alikuwa akirudia kichwani kila bolti ya lori lile, akiitafuta ile aliyoisahau. Hakuipata hata siku moja, na bado aliamini ipo. Alitaka kumwambia mdogo wake jambo hilo, lakini aliona Vitus anaangalia saa.

Lori likajiwasha, likapiga honi kidogo kwa ajili ya kuku, likarudi Uyole.

Tangu hapo huja kila likihitaji kuhudumiwa. Nasri, aliyelinunua kihalali na hana ubaya na mtu, amemwachisha kazi fundi wake, na hutuma shukrani kupitia kwa Vitus. Juzi alituma kuuliza kama klachi nayo itaangaliwa. Iliangaliwa. Shamba la kando ya Ruaha limebaki kwa Vitus. Mwaka huu amepanda vitunguu na vimekubali. Matilda huandaa maji ya kunawa mapema, anaposikia lori linashusha gia kwenye kona.

Wiki iliyopita jirani yao Abrahamu, ambaye pikapu yake ilikuwa inavuta kushoto ikikanyagwa breki, alisimama uzioni akalitazama lori likiteremka na kusimama bila mlio.

"Breki nzuri," alisema. "Uyole wana mafundi."

"Breki hizo nazifunga mimi," Sosthenes alisema.

Abrahamu alitabasamu kwa adabu, akamwambia pole na kazi, akaiwasha pikapu yake na kuipeleka mjini polepole, ikivuta kushoto njia nzima.