Vidole Vinne Chini ya Mlango

Mlango wa nyuma wa chumba cha mzee ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa ya vidole vinne. Chini, kati ya ubao na sakafu, palikuwa na mwanya ambao mtu angeweza kupitisha mkono bila kuchubua vifundo. Katika nyumba ya watu wengine lingekuwa jambo dogo. Katika nyumba ya maseremala wawili, baba na binti, ilikuwa aibu, na jirani mshonaji, ambaye walichangia naye ua wa nyuma, hakuchoka kuwatania. "Milango mizuri mnawatengenezea watu," alisema. "Wa kwenu mmewaachia panya."

Panya hawakuwahi kupita pale. Aliyepita ni Mkaguzi, saa ambazo binti yuko karakanani.

Mkaguzi alikuwa paka wa mzee, wa kijivu, sikio moja limechanika. Jina alilipatia karakanani, enzi mzee bado anashika randa. Kila meza iliyokamilika, paka yule aliizunguka, akanusa miguu yote minne, mwishowe akasugua shavu lake kwenye mguu mmoja. Asiposugua, mzee aliurudia msasa. "Mkaguzi hajapitisha," alisema, na binti yake, aliyekuwa akijifunza kazi kwake, alilazimika kusubiri huku mteja naye anasubiri. Binti hakuyaamini mambo hayo. Paka husugua ili aache harufu yake. Ni tabia ya mnyama, haina uhusiano na ubora wa meza.

Binti huyo watu walimwita Fundi, kama walivyomwita baba yake kabla yake. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na hata nje ya karakana aliamini kile kinachopimika. Hakumpenda paka wala kumchukia. Alimwona ni mpangaji asiyelipa.

Vumbi la mbao la miaka arobaini lilipomkaa mzee kifuani, alilazwa hospitali siku tatu. Siku ya kumruhusu, daktari alimwita Fundi pembeni akamweleza bila kuficha: mapafu yamechoka, hayatapona; apewe dawa kwa saa zake, apate joto, upepo wa baridi usimpige. Katika maneno yote hayo, moja tu lilikuwa la kazi yake. Upepo. Akakumbuka vidole vinne.

Sasa, mzee alikuwa na kanuni aliyomfundisha tangu siku ya kwanza. "Mlango hauulizwi ukiwa umesimama," alisema. "Ung'oe kwenye bawaba, ulaze mezani, utazame pande zote sita. Hapo utakuambia unaumwa wapi." Fundi hakuwahi kuivunja kanuni hiyo, hata kwa wateja wasiomlipa vizuri. Siku ile aliivunja. Gari lilikuwa linamleta mzee jioni, na muda haukutosha. Alikata kipande cha mbao laini, nyeupe, akakifunga kwa nje, chini ya mlango, kwa skrubu sita, kikashuka mpaka sakafuni. Akajaribu kupenyeza karatasi. Haikupenya. Hakumwambia mzee. Kazi nzuri haijitangazi, na hilo nalo alifundishwa na yeye.

Jioni ile mzee alirudi na mwanawe mkubwa, Kaka, mlinzi wa ghala katika mji mwingine, aliyeomba likizo aje kusaidia kuuguza. Kaka alikuja na begi moja na mbwa mmoja, Sajini, dume kubwa la rangi ya kahawia lenye macho ya huruma. Sajini aliingia sebuleni, akanusa makochi, akajinyoosha mbele ya mlango wa ndani wa chumba cha mgonjwa kama gogo. Kuanzia hapo kila aliyetaka kuingia ilimbidi aruke.

"Umemwona?" Kaka alimwambia dada yake. "Hakuna aliyemwambia. Amejua mwenyewe kuna mgonjwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

"Amejua bakuli la uji litatokea humo na litarudi na mabaki."

"Wewe dada una moyo wa msumari."

"Msumari ndio unaoshika nyumba."

Siku ya pili mzee alisema, "Chumba kina joto safari hii."

"Ndiyo, baba," alisema Fundi, na moyoni alifurahi kama mwanagenzi aliyesifiwa.

Halafu mzee akauliza, "Mkaguzi yuko wapi?"

Kutoka kitandani mzee aliuona mlango wa nyuma nusu ya juu tu. Ubao wa miguuni mwa kitanda, aliouchonga mwenyewe mwaka aliooa, ulikuwa mrefu, ukaficha nusu ya chini. Na masikio yake yalikwisha kuliwa na mashine za kukatia mbao. Ulipozungumza naye ilibidi umkaribie na upaze sauti. Aliweza kulala hapo kutwa nzima asisikie kitu isipokuwa kifua chake.

"Atakuja, baba. Paka hutembea."

Hakuja. Siku ya tatu mzee aliuliza tena, na ya nne. Siku ya tano Fundi alizunguka mtaani na kibakuli, akiita. Muuza samaki wa kona akacheka. "Wa kijivu, sikio limechanika? Huyo ni wangu sasa. Kila asubuhi yuko hapa, anakula vichwa kuliko mimi." Fundi akaupokea ushahidi huo. Ulikuwa wa kutosha: mnyama amepata penye chakula, amehama.

"Si nilisema?" Kaka alisema. "Paka hana shukrani. Ungemlea miaka kumi, siku ukikosa dagaa anakutazama kama hajawahi kukuona. Asiyekuwapo na lake halipo. Msikilize Sajini sasa."

Sajini alikuwa anabweka. Alifanya hivyo kila alasiri, saa tisa na dakika zake, akiwa amesimama mbele ya mlango wa chumba, manyoya ya mgongo yamesimama, kisha ananyamaza na kulala tena. Wageni waliokuja kumjulia hali mzee walilistaajabia jambo hilo.

"Wanyama huona tusichokiona," alisema shangazi mmoja.

"Anamfukuza yule mgeni asiyepiga hodi," alisema Kaka, akimpapasa Sajini kichwa, kwa sababu alikuwa anampenda baba yake na hakuwa na kitu kingine cha kumpa ila mbwa.

Fundi alikuwa karakanani saa hizo. Alilisikia jambo hilo kwa kusimuliwa tu.

Siku ya kumi na mbili alimkuta mzee macho wazi, amegeukia mlango wa nyuma. Mkono wake wa kushoto ulining'inia nje ya kitanda, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo. Fundi akaurudisha ndani ya blanketi. Mzee akautoa tena.

"Mama," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita binti yake tangu alipozaliwa, kwa sababu alipewa jina la bibi yake. "Kaka yako atanibembeleza. Wewe hunidanganyi. Niambie. Ameniacha?"

Fundi angeweza kusema lolote. Angeweza kusema paka anaumwa, au amefungiwa mahali kwa bahati mbaya. Lakini alikuwa ameombwa ukweli na mtu aliyemfundisha kuutumia, naye aliinama mpaka sikioni mwake, akausema vizuri, neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika.

"Yuko kwa muuza samaki, baba. Paka huzoea mahali, hazoei mtu. Akinusa dawa na ugonjwa, huhama. Si ubaya wake. Ndivyo alivyoumbwa."

Kifua cha mzee kililia kama bawaba kavu.

"Basi," alisema. "Mimi nilidhani tulikuwa na mapatano."

Fundi hakuuliza mapatano gani. Aliona ni maneno ya dawa. Mzee akageukia ukutani. Hakumtaja paka tena, na chakula alichokuwa anakula kwa kusukumizwa, tangu siku ile hakukila hata kwa kusukumizwa. Daktari alikwisha kusema ingefika hapo. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, alifariki. Mkono wa kushoto ulikuwa nje ya blanketi.

Walimzika. Sajini alilala mbele ya mlango ule wa ndani siku zote za msiba, hakula siku mbili, na hakuna mwombolezaji aliyetoka pale bila kumtaja. Fundi aliona kwamba siku hizo mbili hakukuwa na bakuli la uji wala mabaki, na bado mbwa alikuwa pale. Alilikiri jambo hilo kimyakimya, kama mtu anayesahihisha kipimo. Wiki ilipokwisha, Kaka alifunga begi, akampakia mbwa, akaondoka.

Siku ya pili yake, Fundi alikuwa anaanika mashuka ya mzee uani. Jirani mshonaji akatoka na futikamba yake shingoni.

"Mwanangu," alisema, "nisamehe kama naingilia. Yule paka mtamfungulia lini?"

"Paka gani?"

"Paka gani tena? Mkaguzi. Sasa mgonjwa hatunaye, manyoya hayatamdhuru mtu."

Fundi akashusha shuka. "Mkaguzi amehama. Yuko kwa muuza samaki."

"Huko anakula. Wewe hujui kula kazini na kulala kwako? Kila siku saa tisa yuko hapo mlangoni. Anakwaruza, anakwaruza, mbwa wenu anabweka, anaruka kando, anarudi. Akichoka anakaa. Jua likizama anaondoka. Nikasema daktari amekataza manyoya, ya ndani ya watu hayanihusu." Akatikisa kichwa. "Na mijusi! Kila siku analaza mjusi hapo chini, nafagia mpaka nimechoka. Nikamwambia, wewe, mgonjwa hali mijusi. Hanisikilizi."

Fundi aliliacha shuka kwenye beseni, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa chumba cha baba yake, akachuchumaa.

Kile kipande cha mbao nyeupe kilikuwa kimechanwachanwa. Alikwenda kuchukua bisibisi na nyundo. Safari hii alifuata kanuni: aliung'oa mlango kwenye bawaba, akaubeba mpaka karakanani, akaulaza mezani, akautazama pande zote sita.

Mbao laini ikipigwa na jua huanza kupiga manjano, na jeraha jipya ndani yake huwa jeupe. Mikwaruzo ya chini kabisa ilikuwa ya rangi ya chai. Juu yake ilikuwepo ya manjano, juu yake tena iliyopauka, na ya mwisho ilikuwa nyeupe kama unga, ya jana. Iliingiliana, lakini mtu wa kazi angeweza kuisoma. Hapakuwa na siku zilizorukwa. Katikati palikuwa pamechimbika karibu kina cha ukucha wa kidole gumba, na kwenye nyufa kulikuwa na damu iliyokauka, kidogo.

Alifungua skrubu sita, akaondoa kile kipande. Ndipo akauona ukingo wa chini wa mlango wenyewe, ambao kwa miaka yote hakuwahi kuugeuza.

Haukuwa umeoza wala kulika. Ulikuwa umekatwa. Msumeno ulipita pale kwa mstari ulionyooka, wa mkono mmoja anaoujua kuliko mwandiko wake mwenyewe, kisha ukingo ukapigwa msasa mpaka ukawa mviringo, ili usije ukamchubua anayepita mgongo. Katikati, upana wa kiganja, mbao ilikuwa imeng'aa, nyeusi kwa mafuta ya manyoya, laini kuliko kazi yoyote ya randa. Unyoya mmoja wa kijivu ulikuwa umenasa.

Fundi aliweka kiganja pale. Alikaa hivyo mpaka jirani alipokuja kumuuliza kama mashuka ayaanike yeye.

Alirudisha mlango kabla ya saa tisa, bila kile kipande.

Mkaguzi alikuja kwa wakati wake, na mjusi mdomoni. Alisimama mbele ya mwanya, akaunusa, akainama, akapita. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, pembeni. Godoro lilikwisha kutolewa. Kitanda kilikuwa chaga tupu. Paka aliweka mjusi chini. Alizunguka kitanda, akanusa mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akapanda juu ya chaga, akatembea upande wa kichwani, upande wa miguuni, akashuka. Akazunguka tena. Fundi alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo. Paka aliutazama.

Hakusugua mahali popote. Alitoka alikoingilia.

Alikuja siku ya pili, na ya tatu, akafanya yaleyale. Siku ya nne hakuja, wala iliyofuata. Fundi alikwenda kwa muuza samaki. Naye hakuwa amemwona.

Jumapili Kaka alipiga simu. Alisema Sajini tangu warudi hachangamki, anatazama barabara tu, anamkumbuka mzee.

"Naamini," alisema Fundi.

"Wewe? Unaamini?" Kaka alicheka kidogo, cheko la mtu aliyelia karibuni. "Na yule msaliti wenu, alirudi?"

"Alikuja kila siku, kaka. Mimi ndiye niliyeziba mlango." Akamweleza yote kwa utaratibu, ule mkato wa msumeno, mikwaruzo, mijusi, na kubweka kwa saa tisa. Hakuruka kitu.

Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, ukimpiga Fundi kwenye vifundo vya miguu.

"Mzee alijua?" Kaka aliuliza hatimaye. "Dada. Alikufa anajua?"

"Hapana," alisema Fundi. "Aliniuliza, nikamwambia ameachwa."