Ndoo ya Asali ya Pacifique

Gaudiose alifika langoni pa gereza saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatano, vumbi la njia ya Kakese bado kwenye nyusi. Ndani ya mfuko wa rambo alibeba suruali, shati lililopigwa pasi na ndala mpya za mwanae Pacifique. Mkononi alishika hukumu ya rufaa iliyosomwa jana. Binti yake, Providence, alimsomea mara tatu: hatia imefutwa, kifungo cha miezi sita kimefutwa, aachiwe mara moja, arudishiwe vielelezo vyake.

Askari wa zamu, Osward, aliipitia karatasi taratibu, akarudia ukurasa wa mwisho.

"Hongera, mama. Mmeshinda."

"Asante, mwanangu. Basi niitie."

Osward alikohoa. "Kifungo chake kiliisha juzi Jumatatu. Hapa hapa langoni kuna gari la Uhamiaji lilikuwa linamsubiri. Walisema mgeni aliyetiwa hatiani harudi mtaani, anarudishwa kwao."

"Kwao wapi? Si nimemzaa Katumba hapo!"

"Burundi, mama. Saa hizi wameshamvusha."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Rambo lilimponyoka. "Na rufaa? Hamkuwaambia kuna rufaa?"

"Mimi mwenyewe niliwaambia. Wakasema wana karatasi yao."

"Na hii?"

"Hii inasema tumwachie. Hatuna wa kumwachia."

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Gaudiose. Angetukanwa, angalau angejua pa kurusha jiwe.

Pacifique hakuwahi kuiona Burundi. Kirundi chake kilikuwa cha kubahatisha, wadogo zake walikuwa wakimcheka. Na kosa, tuseme ukweli, lilianzia nyumbani. Miaka kumi na saba iliyopita, wakimbizi wa Burundi pale Katumba walipoulizwa nyumba kwa nyumba nani anabaki awe Mtanzania na nani anarudi, mumewe Yohani alifikiria shamba la baba yake lililobaki kule. Nyumba nyingi zilifanya hivyo: mmoja anaandikwa wa kurudi ili ukoo usipoteze ardhi. Yohani akamwandika Pacifique, mtoto wa miaka tisa, arudi na bibi yake. Gaudiose ndiye aliyemfunga vifungo vya shati akapigwe picha. Bibi akafa kabla ya safari. Mtoto akabaki, jina lake likabaki kwenye orodha ya waliorudi.

Wengine wote nyumbani walipewa uraia, hata Providence aliyekuwa bado ananyonya. Kwa Pacifique waliambiwa njoo kesho, njoo na mwenyekiti wa kijiji, faili liko juu. Yohani alikufa faili likiwa bado huko juu.

Kisha mwaka huu Pacifique akakamatwa akirina asali kwenye mizinga ya marehemu baba yake, akashtakiwa kuingia hifadhini, na ndoo yake ikachukuliwa kuwa kielelezo. Mizinga ilitundikwa zamani, kabla bango la hifadhi halijasogezwa upande wao. Mahabusu wenzake walimwambia akikiri yataisha haraka. Kizimbani akasema, "Ni kweli nilikuwemo, ila mizinga ni ya baba, ilikuwepo kabla ya bango." Hakimu akaandika: amekiri. Yaliisha haraka kweli, dakika kumi hazikufika. Rufaa ya kusema kwamba huko hakukuwa kukiri hata kidogo ilichukua miezi mitano.

Gaudiose aliokota rambo lake akapanda bodaboda hadi mahakamani. Kama mtoto hayupo, basi hata hicho kielelezo wampe.

Mtunza vielelezo, Skolastika, alikuwa anakunywa chai. Alisoma hukumu, akaingia chumba cha nyuma, akarudi amekumbatia ndoo ya plastiki yenye namba ya kesi. Gaudiose aliutambua mshikio wake. Yohani aliufunga waya wa baiskeli mwenyewe, mwaka ule ulipokatika.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mwenye mali asaini hapa. Aje na kitambulisho."

"Mwenye mali mmemfukuza nchi, mwanangu."

"Mimi sijafukuza mtu, mama. Mimi natunza vitu."

"Mimi ndiye mama yake. Nani mwingine mnamtaka?"

"Karatasi imeandika arudishiwe yeye. Nikikupa wewe, kesho akija kudai nitajibu nini?"

Gaudiose alicheka. Kicheko kilimtoka bila hiari, kikali, mpaka watu waliokaa kwenye benchi wakageuka. "Akija," alisema. "Heri wewe unayejua atakuja."

Skolastika alishusha macho. "Ana siku thelathini. Zikipita, inakuwa ya serikali."

Gaudiose alilisukuma rambo kwenye meza. "Basi muwekee na hizi. Atazikuta pamoja."

"Nguo si kielelezo, mama. Sipokei."

Skolastika alimrudishia rambo kwa mikono miwili, kwa heshima. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye kibandiko cha ndoo: *Mwenye mali hajafika*. Akatia tarehe, akaibeba kuirudisha ndani.