Askari wa Sufuria

Katika ukumbi wa video wa Toussaint, kule Mulongwe karibu na mto, hakuna askari wa filamu aliyekufa bila jina. Filamu zilikuja na lugha ambazo watazamaji hawakuzijua. Kazi ya Osée ilikuwa kukaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, kutafsiri alichokielewa na kubuni kilichobaki. Kati ya filamu zote, watu walipenda zile za batalioni iliyozingirwa: askari wa miguu wamebaki peke yao mlimani, risasi zinakwisha, redio inaita na hakuna anayejibu. Askari hao Osée aliwapa majina ya watu wa mtaa. Meja aliitwa Toussaint sikuzote, kwa heshima ya mwenye ukumbi, na kwa kuwa mameja wa filamu hizo hawana maisha marefu, Toussaint alikuwa amekwisha kuuawa mara nyingi. Watu walimpa pole mlangoni. Yeye aliwajibu kwamba marehemu bado anadai tiketi.

Kisha wenye ndugu jeshini wakaanza kuomba. Mpe mmoja jina la mdogo wangu, walimwambia. Osée hakukataa, ila alijiwekea sheria: jina la kuombwa halipewi askari anayekufa. Kwa hiyo kila filamu mpya aliitazama peke yake asubuhi, hadi mwisho, kabla ya kuionyesha.

Siku moja mchana Mama Honorine alimwita. Mama huyo aliuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, chini ya ukuta wa ukumbi, na kwa miaka mingi alikuwa amezisikia filamu bila kuziona. Mwanawe Ildephonse alikuwa askari. Mara ya mwisho alipopiga simu, alisema wamepita Lubarika na wanaelekea milimani. Tangu hapo namba yake haikupatikana. Mtaani Kilibula walisema batalioni yake imezingirwa. Sokoni walisema imekwisha kutoka salama. Honorine hakutaka kuzungumzia habari hizo. Aliomba tu jina la mwanawe liingie katika filamu ya jioni ile, na alisema kwamba mara hii ataingia kutazama.

Osée alikubali kabla ya kufikiri. Filamu ilikuwa mpya, na asubuhi umeme ulikuwa umekatika alipofika katikati. Mwisho hakuujua. Alijipa moyo kwa ujuzi wake, maana filamu za namna hii zina desturi zake. Anayewaonyesha wenzake picha ya mchumba atakufa. Anayewachekesha atakufa. Anayesema amebakiza wiki moja arudi nyumbani, huyo hafiki jioni. Lakini mwoga, yule anayetetemeka ndani ya handaki tangu mwanzo, mara nyingi hubaki ili awasimulie wengine. Katika filamu hii mwoga alikuwepo: kijana mwembamba, kofia ya chuma imemzidi kichwa. Osée aliamua kwamba huyo ndiye atakuwa Ildephonse.

Ukumbi ulijaa mapema. Honorine alikaa benchi la mbele, ndoo ya ndagala katikati ya miguu yake, na harufu ikawafanya vijana wa nyuma waulize kama batalioni imeletewa chakula. Hakugeuka. Osée alipomtambulisha kijana wa kofia kubwa, ukumbi ulimpigia Ildephonse makofi. Meja Toussaint alikufa mapema kuliko kawaida yake, naye akapigiwa makofi pia.

Filamu ilipopita katikati, Osée akawa mtazamaji kama wengine. Sauti yake ilianza kuchelewa nyuma ya picha. Alimwona kijana akijifuta uso, akiweka bunduki chini, akitoka ndani ya handaki kwenda kumvuta mwenzake aliyejeruhiwa. Alielewa kabla ya mlio wa risasi. Aliomba moyoni umeme ukatike kama ulivyokatika asubuhi. Umeme ulikaa.

Kijana alianguka, na kamera ikabaki juu ya uso wake.

Osée alisema kwamba Ildephonse ameteleza, kuna matope. Hakuna aliyecheka. Alisema anapumzika kidogo. Askari mwingine alikuja akitambaa, akapiga magoti, akamfumba macho yule kijana kwa kiganja. Osée alisema anamfuta jasho, na akaisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, nyembamba, kama ya mtu mwingine. Watu walikuwa wameacha kutazama televisheni. Walitazama benchi la mbele.

“Osée,” alisema Honorine, “acha huyo alale. Amekufa.”

“Mama, minye sikujua...”

“Nimeona. Lakini huyo si wangu. Wangu ni yule wa sufuria.”

Osée aliuliza ni sufuria gani.

“Iko mmoja anapita nyuma na sufuria. Weye ulinipa huyu wa mbele, lakini minye namuangalia yule tangu mwanzo. Ildephonse hakai mbele. Hata picha ya shule, utaona sikio lake tu.”

Ukumbi ulicheka, kicheko cha watu walioruhusiwa kupumua. Kijana mmoja wa nyuma aliapa kwamba kweli yupo, amemwona. Wengine walimbishia. Kuanzia hapo vita viliendelea bila watazamaji: kila jicho lilitafuta nyuma ya handaki, na mtu wa sufuria alipopita ndani ya moshi, ukumbi mzima ulimwonyesha kwa kidole. Waliotengeneza filamu hawakumpa hata neno moja. Osée alimpa. Alimfanya alalamike kwamba kuni zimeloa, aulize nani hajala, amgombeze koplo aliyerudia sahani mara mbili. Honorine aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari anazozifahamu.

Hatimaye helikopta zilikuja. Waliosalia walipanda, na kamera ikapita juu ya nyuso zao, mmoja baada ya mwingine. Mtu wa sufuria hakuwemo. Skrini ikawa nyeusi, majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wakimngoja Osée, na neno moja lingetosha: amepanda ya kwanza, yumo ndani, hamkumwona kwa sababu ya vumbi. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwake. Alikumbuka yale matope na lile jasho. Aliiweka chini.

“Sijamwona, mama,” alisema kwa sauti yake mwenyewe. “Hawakumwonyesha.”

Honorine aliinuka.

“Kufa, walimuonyesha?”

“Hapana.”

“Basi,” alisema, akachukua ndoo yake akatoka.

Asubuhi iliyofuata umeme ulikuwepo. Osée alikaa peke yake ukumbini na kuirudia sehemu ya mwisho. Nyuso za mbele hakuzitazama tena. Alitazama pembe za picha, milango ya helikopta, migongo ya watu. Upande wa pili wa ukuta Honorine alikuwa akipanga ndagala wake, na mngurumo wa helikopta ulimfikia.

“Unamuona?” aliuliza kupitia ukuta.

“Bado, mama.”

“Angalia pale penye moshi. Hawezi kuacha sufuria, huyo.”

Osée akarudisha picha nyuma.