Mbuzi Wangu, Mbuzi Zangu

Kaseti ile niliifunga kwa leso mbili, nikaiweka ndani ya kopo la biskuti, nikaenda nayo kwa miguu hadi maktaba ya wilaya, nimevaa koti. Nilikuwa nimekusudia jambo moja: sauti ya marehemu mke wangu iingie katika hazina ya taifa, na yangu isiingie.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba masimulizi, nyimbo na picha za zamani zilizomo majumbani zikusanywe na kuwekwa mtandaoni, ili mtoto yeyote wa nchi hii, popote alipo, azikute bila malipo. Kila wilaya ililetewa mashine kwa miezi mitatu, pamoja na mshahara wa fundi mmoja. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, na matangazo ya serikali nimeyasoma mengi tangu enzi za kalamu ya kuchovya. Lakini hili nililisoma mara mbili nikasema, hapa wamefikiri. Lilikuwa na makosa mawili ya herufi. Niliwaandikia.

Fundi aliyeajiriwa wilayani kwetu ni mjukuu wangu wa kwanza. Kazi aliipata kwa vyeti vyake, si kwa jina langu, nami humweleza hivyo kila anayeniuliza, na wengi wasioniuliza.

Mkutubi mkuu nilimfundisha darasa la sita. Aliponiona nikiingia alisimama wima, akasukuma kikombe nyuma ya rejista.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Chai, maktabani?"

"Ni maji ya moto tu, Mwalimu."

"Yenye maziwa. Kaa."

Mjukuu wangu alipewa chumba kilichokuwa stoo ya magazeti. Kuta zake zilikuwa zimefunikwa sponji za magodoro ili kuzuia mwangwi, na juu ya meza palikuwa na mashine ya kaseti, kompyuta, na kitambaa cheupe alichokuwa akifutia kila kitu, hata kopo langu la biskuti.

"Babu! Koti kwenye jua lote hili?"

"Nimekuja ofisini."

"Haya, karibu ofisini, mheshimiwa." Akafungua leso ya kwanza, kisha ya pili, polepole. "Ndiyo ya Bibi hii?"

"Ndiyo. Ina hadithi mbili. Katika ya pili kuna mahali mtu anaingilia. Pakate."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Alinitazama kwa macho yale yale ya bibi yake. "Na huyo mtu, alivaa koti?"

Nikavuta kiti, nikaketi.

Ukweli ni huu. Mke wangu alikuwa na desturi ya kuwasimulia wajukuu na watoto wa majirani hadithi kila Alhamisi jioni, wakiwa wamekaa mkekani sebuleni. Alhamisi moja shemeji yangu alikuja na kinasa sauti. Hadithi ya pili ilikuwa ya mama aliyepoteza mbuzi tisa katika ukungu, akawa anawaita: "Mbuzi zangu, mbuzi zangu, mko wapi?" Nilikuwa mwalimu mkuu wakati ule. Nilifungua mlango nikasema mbele ya watoto wote kwamba mbuzi ni kiumbe mwenye uhai, kwa hiyo ni mbuzi wangu, awe mmoja, wawe elfu. Kisha nikatoka, nikafunga mlango, nikajiona nimeitendea lugha haki.

Miaka minne baada ya kumzika, nilipokuwa nikiandaa maelezo ya sarufi, nikakuta katika kitabu nisichoweza kukibishia kwamba wanyama wakiwa wengi, "zangu" ni sahihi, tena ina faida ya kumtenga mmoja na kundi. Ukurasa ule niliusoma nimesimama. Nilikuwa nimemsahihisha mtu aliyekuwa sahihi, mbele za watoto, naye hayupo tena wa kuambiwa. Na sasa nchi nzima ingesikia.

"Babu," mjukuu wangu alisema, akiiinua kaseti kwenye mwanga, "utepe umechoka. Naweza kuupitisha mara moja, nikibahatika mara mbili. Na keshokutwa mashine inahamia wilaya nyingine. Acha kwanza niinase yote, tusikilize, ndipo uweke saini. Nzima au iliyokatwa, utachagua wewe. Lakini ikishapanda mtandaoni, imepanda."

Akabonyeza kitufe.

Kwanza kulikuwa na mvumo, kama wa mvua ya mbali. Kisha mke wangu akawa chumbani. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimesahau kwamba kila alipotaka kusema "basi" alivuta pumzi kwanza, kana kwamba neno hilo lina uzito wa ndoo. Hadithi ya kwanza ikapita. Mjukuu wangu alikuwa akitazama mistari ikipanda na kushuka kwenye kompyuta, na mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu.

Ukungu ukatanda, mbuzi wakapotea, mama akaita. Mlango ukalia. Kisha nikajisikia mwenyewe, sauti kavu, ya mtu anayesoma majina ya waliofeli. Mlango ukafungwa.

"Hapo," nikasema. "Kata kuanzia hapo."

"Subiri, Babu. Haijaisha."

Kilichofuata sikuwahi kukisikia maishani mwangu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutoka, na kaseti yenyewe sikuwahi kuthubutu kuipiga. Palikuwa kimya, kimya cha watoto wasiojua kama wameruhusiwa kucheka. Kisha kisauti chembamba kikauliza, "Bibi, Babu kakasirika?"

Mjukuu wangu akaweka kiganja mdomoni. "Huyo ni mimi," akanong'ona.

Na mke wangu akacheka. Kicheko chake kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikakaa huko kwa muda kikimtikisa.

"Hakukasirika, mama. Babu yako alikuwa nyuma ya mlango ule tangu hadithi ya kwanza. Hukuviona viatu vyake pale chini?"

"Sasa mbona haingii?"

"Anaona haya. Mwalimu mkuu atakaaje mkekani na nyinyi mliojaa makamasi? Basi huwa anangoja kosa, apate sababu ya kufungua mlango. Nami nikitaka kumwona, namwekea neno."

Watoto wakaangua kicheko. Yeye akaendelea, safari hii taratibu, karibu kabisa na kinasa sauti.

"Leo nimemwekea 'mbuzi zangu', na wala si kosa. Mbuzi wangu ni mmoja tu, ndiye huyo mwenye ndevu aliyetoka sasa hivi. Hawa tisa wa kwenye ukungu ndio mbuzi zangu. Sasa amefika uani, anatembea kifua mbele. Mwacheni. Mbuzi wa tisa hatapatikana kabla hajarudi." Akavuta pumzi. "Basi..."

Na kweli nilirudi. Mbuzi wa tisa alipopatikana nilikuwapo nyuma ya mlango, nikiwa nimezuia pumzi ili nisisikike. Kila Alhamisi nilikuwapo, miaka yote ile, nikiamini kwamba hapana ajuaye.

Utepe ukaisha. Mjukuu wangu alijifuta macho kwa kitambaa cheupe cha mashine, jambo ambalo siku nyingine ningelisemea.

"Nikate, Babu?"

"Usiguse."

"Hata nukta?"

"Hata pumzi."

"Nchi nzima itasikia ukiitwa mbuzi, ujue."

"Mbuzi wangu," nikamsahihisha. "Umoja."

Alicheka, na kicheko kilianzia puani. Ilinibidi nitazame sponji za ukutani kwa muda.

Aliponiletea fomu, niliijaza kama ipasavyo: jina la msimulizi, mwaka, lugha, uhusiano wangu naye. Nikaweka saini penye "nzima". Chini kabisa palikuwa na mstari ulioandikwa, "Sauti nyingine zinazosikika". Nikaandika watoto sita, na mmoja wao nikaeleza kwamba ndiye fundi aliyeiingiza kazi hii. Kisha nikaichomoa kalamu yangu ya pili kutoka mfuko wa koti, na kwa mwandiko niliokuwa nikiutumia ubaoni nikaongeza: "Mume wa msimulizi. Alimkatiza, akakosea. Msimulizi alikuwa sahihi."

Mjukuu wangu alisoma akiwa ameinama begani kwangu.

"Babu, fomu inataka wino wa bluu au mweusi. Hapo umetumia mwekundu."

"Hilo ni sahihisho," nikamwambia. "Lipeleke lilivyo."