Nyasi za Jumbe Mikidadi

Mwaka 1951 Jumbe Mikidadi wa Chinongwe alikwenda Nachingwea kutazama makazi ya Wazungu wa karanga. Karanga zenyewe hazikumshangaza. Hata kwao ziliota, tena bila trekta. Kilichomtia wazimu ni nyasi zilizonyolewa mbele ya nyumba. Alirudi na gunia la mashina yake, akayapanda mbele ya baraza lake, maana Bwana Shauri, Mzungu wa serikali wilayani, angepita mwezi wa kumi.

Mkewe, Kulthumu, aliuliza swali moja tu. "Baba Yunusi, zinaliwa?"

"Zinatazamwa."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi wafungwe!"

Mbuzi wakafungwa, nyasi zikaachwa huru. Kila nyumba ikaamriwa kuleta debe la maji kila asubuhi. Na kwa kuwa jumbe akishashikwa na usafi haachi, akaamuru mikuyu iliyozunguka kisima ikatwe na matete yafyekwe, mgeni ayaone maji vizuri. Kufika mwezi wa tisa, pale palikuwa peupe kweli kweli: jua tupu, na chini tope la kuwatosha vyura wawili.

Kulthumu alikuwa akikwangua maji kwa kata mpaka mgongo unakataa, wenzake wakimkata jicho kana kwamba nyasi kazizaa yeye. Siku moja Zaina, jirani yake, akasema kwa sauti, "Jamani, mpisheni mke wa jumbe. Nyasi zina kiu."

Wanawake wakacheka. Kulthumu alirudi nyumbani uso unamwaka, akamwaga debe lote kwenye nyasi, akakaa.

Jumbe akatoka shamba. "Mama Yunusi, ugali uko wapi?"

"Maji nimewapa wageni wako."

"Na ya kuoga?"

"Kazikamue."

Jumbe alitishia kumrudisha kwao Nandagala. Kulthumu akaanza kukunja kanga zake, tena upesi mno, maana Nandagala maji yalikuwepo. Jumbe akanywea. Siku ya tatu, mwenyewe akinuka kama beberu, alitangaza kwamba kwa huruma yake kila nyumba itumie maji yake.

Nyasi zilikauka ndani ya wiki. Bwana Shauri alipokuja, aliegesha gari lake juu ya nyasi hizo, akauliza habari za kodi, akaondoka.

Mvua zilipoanza, Kulthumu alimfuata Zaina na panga. Walikata matawi ya mikuyu bondeni, wakang'oa matete na mizizi yake, wakavipanda kuzunguka kisima. Ilichukua miaka minne kabla kisima hakijavuka mwezi wa kumi kikiwa na maji.

Mwaka huo jumbe alisimama barazani Ruangwa, akaeleza jinsi alivyoipanda mikuyu ile kwa mikono yake miwili. Zaina aliposikia alitaka kwenda kumuumbua.

"Mwache," Kulthumu akasema. "Akishasema kaipanda yeye, hataikata tena."