Faili Lililomganda Fundi

Kompyuta ya ofisi ile ya mashamba, jina tuliache maana wenyewe wana hasira za karibu, ilichukua nusu saa kumjibu Bibi Zipora kwamba faili lake halionekani. Kila Jumanne, kwa miaka saba, bibi alishuka kutoka Kibakwe kuulizia shamba la marehemu mumewe, akakaa kwenye benchi, akangoja jibu lilelile. Mwishowe mkuu wa ofisi, Bwana Batholomeo, akamwita fundi Asma kutoka Kondoa aiongezee mashine vibao viwili vya memori ili iende mbio.

Asma alizima, akachomoa waya ukutani, akafungua kasha. Kosa lake lilikuwa sweta. Ilikuwa Julai, baridi na upepo mkavu, naye alikuwa amevaa sufu na kulikanyaga kapeti la bosi mara nne akitafuta bisibisi. Umeme wa msuguano ukamjaa mwilini. Risiti zikamganda mgongoni, kisha kalenda, kisha barua za likizo. Karani alibandua ya kwake, akaisoma, akairudisha mgongoni.

Halafu droo ya Bwana Batholomeo ikajifungua, kufuli na yote. Faili la kijani likatoka, likaelea taratibu, likamganda Asma kifuani. Ndani, jina la marehemu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, likaandikwa la shemeji yake bosi.

“Ndilo hilo,” alisema Bibi Zipora.

“Shikamoo, bibi. Ndilo,” alijibu Asma.

Walilivuta wote wawili. Wapi! Liling'ang'ania kama kupe.

“Fundi,” alisema Bwana Batholomeo, macho kwenye gazeti, “kabla ya kushika memori hugusi chuma?”

Asma alijua. Asipogusa, cheche moja tu itaziua memori zote mbili. Akigusa, umeme utamtoka, na faili nalo. Roho ilimuuma, akarudisha mkono nyuma.

“Gusa tu, mjukuu wangu,” alisema bibi. “Mashine ikipata akili, itaniona.”

Akagusa. Makaratasi yakadondoka, na faili la kijani likarudi drooni kama kuku ajuaye banda lake. Asma akazishika memori kwenye kingo, akalinganisha pengo la kibao na la mashine, akakandamiza pande zote mpaka zikalia tak, tak.

Akarudisha waya ukutani, mashine ikawaka mara moja. Karani akaandika jina la Bibi Zipora, na kabla hajaondoa kidole, jibu likatokea: faili halionekani.

“Mashallah, kazi nzuri,” alisema Bwana Batholomeo.

Bibi Zipora alimshukuru Asma kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba, aliwahi basi la saa nne la kurudi Kibakwe.